Tanga 1914: Mizinga ya nyuki ilifanya kazi, mizinga ya Mwingereza ikabaki melini

Ukitaja vita ya Tanga ya Novemba 1914 kwa mtu anayeijua kidogo, cha kwanza atakachokwambia ni nyuki. Nyuki waliwatimua Waingereza, basi, habari imeisha. Na ni kweli nyuki walikuwepo, mizinga ilikuwa imetundikwa mitini kule mashambani nje ya mji, risasi zikaivuruga, nyuki wakatoka na hasira zao wakauma kila waliyemkuta, Mhindi, Mwingereza, na askari wa Mjerumani vilevile maana nyuki hajui sare. Ila mi kila nikirudi kwenye hii habari naona nyuki wanapewa sifa nyingi kuliko kazi waliyofanya. Kiswahili chetu kina utani wake hapa, mzinga ni wa nyuki na mzinga ni wa vita, na siku ile mizinga ya nyuki ndo ilifanya kazi sawasawa, ile mingine ilikuwa bado juu ya meli. Sasa kwa nini ilibaki juu ya meli, hapo ndo pa kuangalia.

Tuanze na hesabu maana hesabu ndo inashangaza. Mwingereza alileta watu kama 8,000 kutoka India, msafara wa meli 14 za kubeba wanajeshi, mkubwa wao Meja Jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili mkuu wa jeshi la Mjerumani huku, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, na hata hao 1,000 hawakuwepo Tanga meli zilipofika, walikuwa huko Moshi na njiani. Yaani watu 8,000 wamekuja na manowari kuuchukua mji ambao siku ya kwanza ulikuwa na kikosi kidogo tu cha kuulinda, na siku tatu baadaye wanapanda meli wanaondoka, wameacha nyuma mashinigani 16, bunduki 455 na risasi 600,000. Hiyo huwezi kuielezea kwa nyuki.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba "Mwingereza" kwenye hii vita hakuwa mtu mmoja. Manowari zilikuwa za wizara ya wanamaji London. Jeshi la Aitken lilikuwa la India, kwa hiyo amri zake zinatoka ofisi ya India. KAR (King's African Rifles), wale askari Waafrika wa Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) waliokuwa wanaijua hii nchi, walikuwa chini ya ofisi ya makoloni. Na wizara ya vita yenyewe ilikuwa imekaa pembeni, ina mambo yake Ufaransa. Ofisi nne, kila moja na barua zake. Afu mkiwa baharini mwenye sauti ni kapteni wa manowari, mkishashuka mchangani mwenye sauti ni jenerali, na juu yao wawili pale Tanga hakukuwa na mtu wa kusema wewe fanya hivi na wewe fanya vile. Wazee walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hiki chombo kilikuwa na manahodha wawili tu kikaenda mrama vilevile.

Nahodha wa pili huyo ni Kapteni Caulfeild wa manowari HMS Fox. Kulikuwa na manowari kubwa zaidi, Goliath, iliyotakiwa kuusindikiza msafara, ila injini zake zikasumbua ikabaki Mombasa. Kwa hiyo kazi yote ya baharini ikamwangukia Fox, meli ya zamani.

Halafu kuna ile ishu ya makubaliano, na hapa watu wengi wanapotea. Agosti 1914, vita ndo imeanza, manowari za Kiingereza zilipita Dar es Salaam na Tanga, zikaupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar, na makapteni wake wakafikia makubaliano na upande wa gavana Heinrich Schnee kwamba miji hii haitapigwa na yenyewe haitatumika kivita. Schnee alitaka hivyo, hakutaka koloni lake livunjwe kwa vita ambayo aliona itaamuliwa Ulaya. Lettow alichukia sana. London nao hawakuyakubali yale makubaliano, ila hakuna aliyewaambia Wajerumani rasmi kwamba yamekufa. Kwa hiyo miezi miwili baadaye kuna makubaliano waliyofikia wanamaji, wakubwa wao wameyakataa, na jeshi la nchi kavu linalokuja kushambulia halikuwa na mkono wowote ndani yake.

Caulfeild akasema kiungwana lazima tuwape taarifa kwanza. Kwenye kikao cha Mombasa Aitken akakubali. Hebu fikiria, una watu 8,000 waliotapika baharini wiki mbili na zaidi tangu waondoke Bombay tarehe 16 Oktoba, nguvu yako kubwa uliyobaki nayo ni kufika bila kutegemewa, na unakubali kwenda kupiga hodi. (Ingawa siri yenyewe ilishaanza kuvuja, meli zilishaonekana na Lettow alishanusa kwamba shambulio la Tanga linakuja.)

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba Fox ikaingia Tanga peke yake, bendera nyeupe juu, msafara mzima umeachwa mbali baharini. Mkuu wa wilaya, Auracher, akapanda melini. Caulfeild akamwambia makubaliano yamekwisha, usalimishe mji, una saa moja. Akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu, swali ambalo ni sawa na kumuuliza mwenye nyumba kama mbwa wake anauma, na jibu alilopata halikumtuliza. Auracher akasema inabidi awasiliane na wakubwa zake, akashuka, akaenda moja kwa moja kupeleka taarifa kwa Lettow, akavua nguo za kiraia akavaa za jeshi maana alikuwa ofisa wa akiba. Saa moja ikaisha, hakurudi. Fox ikageuza kwenda kuuleta msafara.

Wakati huo treni zinakuja. Reli ya Usambara kutoka Moshi hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300, injini chache, mabehewa machache, Lettow anasukuma kampuni (vikosi vya askari) moja baada ya nyingine usiku na mchana. Kila saa iliyopotea baharini ilikuwa behewa lingine la askari linashuka Tanga. Na masaa yalipotea mengi, maana baada ya ile hofu ya mabomu Caulfeild alitaka bahari ifagiliwe kwanza, na ufagio wenyewe ni tagi na vyombo vidogo vinavyovuta waya. Wakafagia, wakafagia, hakuna bomu hata moja lililopatikana.

Sasa ile hofu ndo ilichagua na sehemu ya kushukia. Badala ya kuingia bandarini, ambako kuna gati na forodha, wakaamua kushusha watu Ras Kasone, nje kabisa, karibu kilomita tatu kutoka mjini. Ukiangalia kwa macho ya mwanamaji ina maana, meli haziingii penye mashaka. Ukiangalia kwa macho ya mwanajeshi wa nchi kavu ni balaa, mbele yako mikoko, juu ya mikoko genge, yaani mteremko mkali, na juu ya genge mashamba ya mpira na katani ambayo huoni hatua hamsini. Matishari yakakwama kwenye maji mafupi, watu wakashuka na bunduki kichwani maji yanafika kifuani. Usiku wa tarehe 2 walishuka wachache tu, kikosi cha Rajput na cha Payonia (wanajeshi wa kazi za ujenzi), wote wa jeshi la India, na alfajiri wakaambiwa haya nendeni mjini. Walipofika karibu na reli walipokelewa na risasi, maofisa wao wengi wakaanguka, wakarudi nyuma. Siku nzima ya tarehe 3 ikaishia kwenye kushusha watu waliobaki.

Na mizinga? Kulikuwa na betri ya mizinga ya milimani, ile midogo inayofunguliwa ikabebwa vipande vipande, yaani imetengenezwa kwa ajili ya sehemu mbaya kama ile. Aitken akaamua isishushwe, itachelewesha, ipige ikiwa juu ya meli. Fox nayo ipige kutoka baharini. Kwenye karatasi inapendeza, jeshi linatembea na wanamaji wanalisafishia njia. Ila mpiga mzinga anahitaji jicho, mtu anayeona ganda linapoangukia na kumwambia ongeza, punguza, sogea kulia. Pale miti imejaa mbele, meli iko mbali, vikosi vyenyewe vimepoteana mashambani. Walipiga kwa kukisia. Mwanzoni Aitken hata hakutaka mji upigwe ili raia wasiumie, na Fox ilipokuja kupiga tarehe 4, ganda likaishia hospitali.

Siku hiyo ya tarehe 4 ndo vita yenyewe. Usiku wa kuamkia, Lettow alifika, akachukua baiskeli akaingia mjini kuangalia mwenyewe, akazunguka mitaa mitupu mpaka karibu na ufukwe, akaziona meli zile taa zinawaka. Nampa mtu yeyote achague kati ya majenerali wawili, mmoja usiku yuko kwenye baiskeli anapima uwanja kwa macho yake, mwingine ana manowari nzima na hajampeleka mtu kuchungulia. Mchana jeshi la Aitken likaanza kutembea, jua kali, watu wana kiu, safu inakatika katika kwenye katani. Upande wa kulia haukuwa mbaya, Gurkha (wanajeshi wenye asili ya Nepal) wa Kashmir na Waingereza wa Loyal North Lancashire waliingia kabisa mjini na kupigana nyumba kwa nyumba. Upande wa kushoto ndo ukaporomoka, mashinigani za Mjerumani zikawakata, nyuki wakaongezea, halafu Lettow akapeleka kampuni zake za akiba kuzunguka ubavu huohuo. Jioni wamerudi ufukweni.

Kipande kinachoniuma zaidi ni usiku uliofuata. Baragumu zikapigwa upande wa Wajerumani, zikaeleweka vibaya, askari wa Lettow wakaondoka mjini wakarudi kambini nje ya mji. Kwa masaa kadhaa Tanga ilikuwa wazi! Hakuna aliyejua. Aitken hakupeleka watu kuangalia. Alfajiri akaamua kuondoka. Tarehe 5 watu wakarudishwa melini kwa haraka, mali ikaachwa mchangani kwa kuogopa kwamba kuipakia kutawachelewesha. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Mwingereza walizidi 800. Upande wa Mjerumani waliokufa ni kama 70, wengi wao askari Waafrika. Na Lettow, aliyekuwa na kampuni zinazotumia bunduki za kizamani zenye kutoa moshi mwingi, akapata silaha mpya za kuvalisha kampuni tatu na risasi za kutosha kwa muda mrefu.

Aitken akarudishwa nyumbani, akashushwa cheo. Kosa lake lipo, tena kubwa, alidharau askari Waafrika wa upande wa pili na hata wa upande wake, KAR wanaoijua nchi walitolewa wamsaidie akasema hawahitaji. Ila kusema ni kosa la mtu mmoja ni kuwaachia wengine waponyoke. Kabla Novemba haijaisha wizara ya vita ikaichukua kampeni kutoka ofisi ya India, ambayo kwangu ndo kukiri kwenyewe.

Sasa geuza upande mwingine uone kichekesho. Mjerumani ambaye hakuwa na jeshi la majini la maana huku, alikuwa na meli moja tu ya kivita, ndo aliyefanikiwa kuunganisha bahari na nchi kavu. Meli hiyo ni Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta HMS Pegasus imetia nanga Unguja inatengeneza mitambo, ikaizamisha, ikakimbilia delta ya Rufiji. Kule ndani ya mikoko haikukaa kama meli tena, ilikaa kama ngome. Askari na mabaharia walichimba mahandaki kwenye midomo ya mto, wakaweka watu juu ya miti na simu za waya kurudi melini. Mitambo ilipoharibika, vipande vya boila vilifunguliwa vikaburutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa, na walioburuta ni vibarua Waafrika, mamia kwa mamia, jambo ambalo kwenye simulizi za ushujaa wa mabaharia linapita kwa mstari mmoja.

Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba. Wakajaribu kuziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli ya makaa Newbridge tarehe 10 Novemba, yaani siku tano tu baada ya kukimbia Tanga, lakini delta ina milango mingi na manowari zao kubwa hazipandi mtoni, maji hayatoshi. Hapo ndo wakaanza kujifunza adabu. Januari 1915 wakachukua Mafia, kazi ndogo, askari wa KAR wanashuka huku manowari zinawalinda, na kile kisiwa kikawa kiwanja cha ndege. Wakaleta monita mbili, Severn na Mersey, meli bapa zinazoelea kwenye maji yasiyofika mita mbili, zikavutwa kutoka Malta. Na safari hii jicho la mpiga mzinga lilifikiriwa kabla ya mzinga, ndege itakaa juu na kutuma ishara kwa simu ya upepo.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu wakashindwa, walipiga magamba zaidi ya 600 na Mersey ikala kombora, watu wakafa. Tarehe 11 wakarudi. Ndege ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ikawa juu, Arnold anatuma marekebisho, magamba yanasogea taratibu mpaka yakaanza kutua kwenye meli yenyewe. Ndege ikapigwa, injini ikafa, na inaporomoka Arnold bado anagonga ishara, sogea mbele, mpaka wakaanguka majini karibu na Mersey na kuokolewa. Linganisha na wale wa Tanga waliokuwa wanapiga katani kwa kubahatisha miezi minane nyuma.

Ila hata baada ya kushinda, bado Mjerumani aliwazidi kwenye jambo moja. Königsberg iliinama mtoni, haikupotea. Wakatoa mizinga yake yote 10 ya sentimita 10.5, karakana ya reli ya Dar ikaitengenezea magurudumu, na mabaharia wakageuka wanajeshi wa Lettow. Kuanzia hapo vikosi vya Mwingereza vikawa vinakutana na mizinga ya manowari katikati ya pori, Kahe, Kondoa, Kibata. Vilevile ile meli ya magendo ya Mjerumani iliyojificha kwa jina Kronborg, Aprili 1915 manowari ya Mwingereza Hyacinth iliikimbiza hadi ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga na kuiwasha moto, wanamaji wakaondoka wakiamini imekwisha. Imekwisha wapi, ilikaa chini kwenye maji mafupi, Wajerumani wakapiga mbizi wakatoa bunduki na risasi, wakakaa kuzikausha. Kama kungekuwa na wanajeshi wa kushuka pwani siku ileile mzigo wote ungekuwa wao, lakini kikosi cha kushuka hakikuwepo.

1916 ndo mambo yakakaa sawa kidogo, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini juu nchi kavu na Admirali Charlton baharini. Smuts alikuwa ameshuka kutoka Kilimanjaro na njia yake ya chakula ni ndefu mno, kutoka Mombasa inazunguka huko bara, magari yanakufa, nyumbu wanakufa kwa mbung'o, na wapagazi wanakufa kuliko wote. (Jina Kariakoo la Dar linatokana na hao, kikosi cha wabeba mizigo, watu wanauza nguo pale kila siku bila kuwaza.) Kwa hiyo alihitaji bandari, moja baada ya nyingine, na hapo wanamaji wakawa na kazi yenye maana. Julai 1916 Tanga ikachukuliwa karibu bila vita. Agosti 15 Bagamoyo, mabaharia wenyewe walishuka pamoja na askari Waafrika kutoka Unguja. Septemba 4 Dar es Salaam ikasalimu amri, halafu Kilwa, Lindi na Mikindani mwezi huohuo. Safari hii meli haziji kupiga hodi, zinafika pale ambapo jeshi la bara linasukuma kutoka nyuma, na Mjerumani akikaa anabanwa kwa hiyo anaondoka.

Lakini hata hiyo ilikuja kuchelewa. Lettow alishaacha kuihitaji pwani, alishakula alichotaka kutoka baharini, akaingia kusini ambako manowari haifiki, na akapigana mpaka Novemba 1918.

Ukienda Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ya vita hiyo. Mmoja ni wa Königsberg. Mwingine ni wa Pegasus, ile iliyozamishwa na Königsberg pale Unguja, maana Waingereza nao baadaye waliiopoa mizinga yake wakaipeleka bara kwenye magurudumu, wameshaona wenzao wanavyofanya.